Tunataka kusoma Shujaa Okonkwo na vijana wa usharika: tukigawe vipi, na tuwe macho na nini?

kiongozi_vijana (Moshi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wakubwa zangu, shikamooni.

Vijana wa usharika wetu wa KKKT hapa Moshi (miaka 18 hadi 30, wanaofika kila Jumamosi ni kama 16) wamemaliza Waraka kwa Warumi na sasa wanaomba riwaya. Wamechagua Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya kile kitabu cha Chinua Achebe cha 1958, Things Fall Apart, juu ya Okonkwo, shujaa wa Waigbo wa Nigeria, wakati wamisionari wanapofika. Mchungaji ameridhia. Mzee mmoja wa kanisa bado ana shaka. Anauliza kitabu chenye mizimu, waganga na mtu anayejiua kinatafuta nini kwenye kikundi cha kanisa, na swali lake nataka nilijibu kwa heshima.

Tunakaa dakika 90. Naomba kujua kitabu kigawanywe vipi, maswali yaweje, na tufanye nini ili isigeuke mahubiri upande mmoja au kuwalaani wamisionari upande mwingine. Baadhi ya vijana wanatazama zile video fupi mtandaoni zinazosema Ukristo ni dini ya wazungu, nao watakuja na hoja hizo.

mwalimu_fasihi (Machame)

Marahaba. Asifiwe sana.

Anza na idadi. Watu 16 kwenye duara moja hawazungumzi riwaya. Wanazungumza watano na wengine wanasikiliza. Wagawe wanane wanane, kila kundi na kiongozi wake aliyekwisha kukisoma kitabu chote, halafu waungane sehemu ya mwisho.

Kitabu kina sura 25 katika sehemu tatu: sura 1 hadi 13 Umuofia, kwao Okonkwo, 14 hadi 19 Okonkwo akiwa uhamishoni Mbanta, 20 hadi 25 amerudi. Wengi hugawa kwa kurasa, yaani kurasa zote gawanya kwa majuma. Matokeo yake sura nzito inakatwa katikati, na ile nyepesi inapewa Jumamosi nzima. Gawa kwa uzito. Vikao sita vinatosha: sura 1–6, kisha 7–8 peke yake, kisha 9–13, 14–17, 18–21, na 22–25. Usiogope kwamba kikao cha pili kina sura mbili tu. Hapo ndipo kitabu kinapovunjika.

Dakika 90 zipange hivi. Sala dakika 5. Kusimulia kilichotokea, bila maoni yoyote, dakika 10. Hii inawasaidia ambao hawakumaliza kusoma, na inawazuia wasizungumzie kitabu ambacho hawakukifungua. Kusoma kwa sauti kipande kimoja tu, dakika 20. Maswali ya kitabu dakika 30. Makundi yaungane, mfungue Biblia dakika 20. Sala ya kufunga dakika 5.

Nasisitiza Biblia ije baada ya kitabu, na sababu yake ni hii. Ukifungua kikao na Kumbukumbu la Torati 18 juu ya waganga na wapiga ramli, kijana gani atathubutu kusema kwamba Okonkwo anamhuzunisha? Hukumu imeshatolewa kabla mtu hajasikilizwa. Watakachokupa ni majibu ya Shule ya Jumapili, sahihi yote, na kitabu hawatakuwa wamekisoma. Mwache kwanza mtu wa kwenye kitabu aeleweke mpaka mwisho. Neno la Mungu likija baada ya hapo linakuta kitu halisi cha kusema nacho.

Kingine kinachoharibu ni mazoea ya mtihani. Hawa wamefundishwa fasihi kwa orodha: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo wa mwandishi. Ukiuliza "tunajifunza nini?" watakuambia "tusiwe na hasira kama Okonkwo" na mazungumzo yamekwisha. Weka sharti moja tu kwa ile nusu saa ya maswali ya kitabu: anayesema jambo aonyeshe mstari. "Umeona wapi? Tusomee." Mara mbili tatu watazoea.

Chukua sura ya 7. Usianzie mwanzo wa sura, ambako kijiji kinafurahia nzige. Anzia mzee Ezeudu anapokuja kumwambia Okonkwo kwamba Ikemefuna, mtoto wa kijiji kingine anayelelewa nyumbani kwake, atauawa kwa kauli ya mzimu, na kwamba yeye asishiriki kwa kuwa mtoto anamwita baba. Soma mpaka Nwoye, mwana wa Okonkwo, anapojua, siku ileile, kwamba Ikemefuna hayupo tena. Kisha uliza maswali mawili tu. Ezeudu anakubali mtoto auawe, lakini anamkataza Okonkwo. Anatenganisha nini na nini? Na mwandishi anasema Okonkwo alikata kwa panga kwa sababu gani? Wengi watajibu "mila". Warudishe kwenye mstari: aliogopa kuonekana dhaifu. Mila yenyewe, kwa mdomo wa Ezeudu, ilikuwa imemruhusu akae nyumbani.

Kwenye Biblia hapo vijana watakimbilia Mwanzo 22, Ibrahimu na Isaka, na ni sawa, ila uwe mwangalifu. Isaka aliokolewa, Ikemefuna hakuokolewa, na mkiruka tofauti hiyo mtamfanya Okonkwo kuwa Ibrahimu wa Waigbo. Someni pia Waamuzi 11, Yefta na binti yake. Hapo ndani ya Biblia yenyewe kuna baba anayemwua mwanawe kwa ajili ya neno lililotoka kinywani mwake. Kikao kikiishia na ukimya juu ya Yefta, kiache hivyohivyo. Usilazimishe tamko.

mama_wa_parokia (Arusha)

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwalimu amemaliza habari ya mgawanyo, nami niongeze kuhusu mzee wenu na kuhusu sura ya 25.

Mzee usimpelekee hoja mkutanoni mbele ya wenzake. Mwendee nyumbani na mambo mawili. La kwanza, Matendo 17. Paulo Athene alikwisha kutembea na kuyatazama maabudu yao kabla ya kusema, na kwenye mstari wa 28 anataja maneno ya washairi wao wenyewe. Asingeweza kuyataja kama asingeyajua. La pili, mwandishi wa kitabu alizaliwa mwaka 1930 Ogidi, Nigeria, na baba yake alikuwa katekista wa kanisa la Anglikana. Kitabu kimeandikwa na mtoto wa nyumba ya kanisa anayeuliza babu zake waliishije na kwa nini baba yake aliwaacha. Mzee akilielewa hilo, mwombe aje kikao cha nne, sura 14 hadi 17, wamisionari wanapofika Mbanta, asimulie Injili iliingiaje kwenye ukoo wake. Kwa namna hiyo anakuwa shahidi wa kikao, na vijana watamsikiliza.

Katika kikao hicho kipande cha kusoma kiwe sura ya 17. Wazee wa Mbanta wanawapa wamisionari kiwanja katika msitu mwovu, mahali wanapotupwa waliokufa kwa magonjwa ya kutisha, wakitarajia watakufa wote. Mwisho wa kungoja ni siku 28, majuma saba ya soko, maana juma la Waigbo ni siku nne. Hawafi. Katika sura hiyohiyo anakuja Nneka, mwanamke mwenye mimba ambaye mara nne alizaa mapacha na mara nne wakatupwa. Kijana anayesema "walituletea dini ya wazungu" mwombe kwa upole amweleze Nneka alichopoteza kwa kuhama, na alichopata. Kisha anayesema wamisionari hawakukosea lolote, mngoje mpaka sura ya 22, anapofika mmisionari mkali. Ninyi viongozi msiwe wepesi kuwapa majibu; kitabu kina majibu makali kwa pande zote mbili.

Nwoye naye msimpite. Mwandishi anasema wazi kwamba hakuvutwa na fundisho la Utatu, hakulielewa. Alivutwa na wimbo, wimbo wa ndugu waliokaa gizani na hofuni, ambao ulionekana kujibu swali lililokuwa likimsumbua juu ya mapacha wanaolia msituni na juu ya Ikemefuna. Ulizeni: kanisa letu linaimba nini ambacho mtu mwenye jeraha kama lile angesimama njiani kukisikiliza?

Sura ya 25. Okonkwo amejinyonga. Tangazeni mwisho wa kikao cha tano kwamba wiki ijayo kuna jambo hilo, ili mwenye msiba wa namna hiyo nyumbani kwao ajiandae au aseme hatakuja. Msikae kwenye namna alivyokufa. Msiulize "roho yake iko wapi?" Swali hilo litakuja lenyewe, na kiongozi awe tayari. Kwa upande wetu Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya 1917 iliwanyima mazishi ya kanisa waliojiua kwa makusudi. Sheria ya 1983 haikuwaweka tena katika orodha hiyo, na Katekisimu namba 2283 inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao, tuwaombee. Upande wa Kilutheri mwulizeni mchungaji wenu kabla ya kikao, awape jibu analolisimamia mwenyewe. Katika kitabu ndugu zake Okonkwo hawaruhusiwi hata kuugusa mwili. Wanaomba wageni wauzike. Vijana wataona haraka ni wapi nasi tumewahi kufanya vilevile.

Na kama kuna kijana anaonekana kuguswa kupita kawaida, asiondoke peke yake siku hiyo. Mmoja wenu amsindikize, mchungaji ajulishwe jioni ileile.

kiongozi_vijana (Moshi)

Milele amina, mama. Asanteni sana, mwalimu pia.

Swali la nyongeza. Kikao cha tano kitaangukia karibu na Desemba, watu wanapopanda nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Najua litaulizwa: mbuzi wa ukoo, kisusio (supu yenye damu ya mbuzi), mbege (pombe ya ndizi) inayomwagwa chini, isale. Kijana Mkristo afanye nini? Sitaki kusema "vyote ni dhambi" wala "vyote ni utamaduni tu".

mwinjilisti_usariver

Ndugu kiongozi, shalom.

Umeuliza vizuri, na sura ya 21 imekuja wakati wake. Mmisionari Bwana Brown na mzee Akunna wanakaa na kuzungumza juu ya Mungu bila kugombana. Akunna anamwambia Chukwu ni mmoja, aliyeumba vyote, na miungu midogo ni wajumbe wake. Brown anakataa hoja hiyo, lakini anamsikiliza mpaka mwisho. Vijana wako wanahitaji kujua kwamba mazungumzo hayo yalifanyika hapa mlimani pia. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na walipomhubiri Mungu kwa Kichaga walitumia jina ambalo wazee walikuwa nalo tayari, Ruwa. Hawakuleta jina geni. Warumu, roho za waliokufa, hawakuwachukua. Jina la Mungu lilipokelewa, sadaka kwa mizimu ilikataliwa. Huo ndio mstari ulikopita, na ukiuelewa utakusaidia kwa mambo yote manne uliyotaja.

Isale kwanza, maana ndilo jepesi. Ni jani la kuombea msamaha na kupatanisha. Anayelipeleka anakiri kosa kwa ndugu yake, na anayelipokea anafunga kesi. Hakuna roho inayoitwa hapo. Mathayo 5:23–24 inamtaka mtu aache sadaka yake madhabahuni akapatane kwanza. Sioni kwa nini Mkristo aogope jani hilo, na naona sababu nyingi za kulitumia.

Mbege ya kunywa pamoja ni suala la kiasi, na wapo wanaoacha kabisa kwa dhamiri. Mbege inayomwagwa chini huku mababu wakitajwa kwa majina na kuombwa watoto wazae, hiyo ni ibada. Utaitambua kwa maneno yanayosemwa, wala si kwa kimiminika. Mfundishe kijana kusikiliza maneno: nani anaitwa, na anaombwa nini? Mbuzi vivyo hivyo. Kuchinja na kugawana nyama kwa ukoo, kila mtu na fungu lake la heshima, ni udugu. Pakiwa na kipande kinachotengwa kwa ajili ya marehemu, kijana aseme kwa adabu kwamba hicho hashiriki, akae ale nyama nyingine. 1 Wakorintho 10:25–29 inaeleza karibu jambo hilohilo: kula bila kuuliza, mpaka mtu akuambie kimetolewa sadaka.

Kisusio ndipo penye ubishi wa kweli, kwa sababu ya damu. Matendo 15:20 na 29 inawataka Wakristo wa mataifa wajiepushe na damu, na Wasabato wanashika hilo mpaka leo. Sisi Walutheri tunalo neno letu ambalo vijana wengi hawajawahi kulisikia. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 28, linataja amri hiyohiyo ya mitume juu ya damu kama mfano: wasioishika leo hawatendi dhambi, maana mitume hawakutaka kuzifunga dhamiri, walizuia kwa muda ili kuepusha makwazo. Kwa hiyo Mlutheri anaweza kunywa kisusio. Lakini kama pembeni yake ameketi shemeji Msabato, sababu ileile ya makwazo inamrudia. Someni kifungu chenyewe, msitegemee maneno yangu.

Sasa upande wa pili, ili wasidhani mambo yote yalikwenda kama kwa Bwana Brown. Sura ya 15 Obierika, rafiki wa Okonkwo, anasimulia habari za kijiji cha Abame: mzungu mmoja aliuawa, na baadaye kijiji kizima kikaangamizwa siku ya soko. Hapa kwetu, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Kilichofuata ni jeshi la Wajerumani, pamoja na wapiganaji wa Kichaga, kuwashambulia Wameru na Waarusha. Damu ya wahubiri wawili ikalipwa kwa damu ya watu wengi ambao hawakuhusika. Mkilisoma Abame bila kuitaja Akeri, vijana watadhani ni habari za Nigeria tu. Na mkiitaja, msiitaje kama hoja ya kushinda ubishi. Kuna watu wa pande zote tatu katika sharika zetu leo.

Mmisionari Bruno Gutmann afaa kutajwa pia katika kikao cha tano. Alifika 1902, akahudumu Old Moshi hadi 1938, ukiacha miaka aliyokuwa nje baada ya vita. Aliona kwamba ukoo, ujirani na rika ni mambo ambayo kanisa lisiyabomoe, akawaunganisha wanafunzi wa kipaimara katika udugu wa kutunzana akifuata rika za Kichaga. Wapo waliomlaumu kwamba aliutukuza ukoo kupita kiasi, kana kwamba Mchaga angebaki wa zamani milele. Lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo waulize vijana: ukoo wa Okonkwo ulianza kuvunjika wapi, kwa wamisionari kufika, au tangu mtoto alipouawa na mtu aliyemwita baba?

Sura ya 18 msiimalize haraka. Osu, waliotengwa na jamii, wanakuja kanisani na waumini wengine wanataka wafukuzwe. Mwalimu Kiaga anakataa. Ulizeni ni nani katika usharika anakaa benchi la nyuma kama osu. Litatajwa suala la binti aliyezaa kabla ya ndoa akatengwa, huku mwanamume anaimba kwaya. Kiongozi asilizime. Ila aweke sharti kwamba hakuna jina la mtu litakalotajwa.

msomaji_kaloleni (Arusha)

Nakubaliana na mengi, ila na mwalimu wa Machame natofautiana kidogo. Kuiacha Biblia mpaka mwisho kila mara kuna hatari yake: dakika 20 zile ndizo zinazoliwa mazungumzo yakinoga, na baada ya vikao vitatu kikundi cha usharika kimekuwa klabu ya vitabu. Anzeni na Zaburi moja ya maombolezo, msomeni bila kuifafanua, kisha muingie kitabuni. Zaburi ya 88 inafaa kikao cha pili, ya 137 cha nne. Zaburi haimhukumu Okonkwo. Inawafundisha kusikiliza mtu anayelia. Na mtu mmoja apewe kazi ya saa, aseme dakika ya 65 imefika hata kama mtu yuko katikati ya sentensi.

mwalimu_fasihi (Machame)

Zaburi bila ufafanuzi naikubali, ni nyongeza nzuri. Ila ichukue nafasi ndani ya zile dakika 5 za sala, na iwe yenye sauti ya mtu, isiwe yenye amri.

msomaji_kaloleni (Arusha)

Sawa mwalimu, tumeelewana.

La mwisho ni nakala. Msitoe fotokopi ya kitabu kizima. Achebe alifariki 2013 na kazi yake bado inalindwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inahusu hata kikundi cha kanisa. Changeni mnunue nakala nne kwa kila kundi la wanane, watu wawili kitabu kimoja, wakipeane katikati ya juma: mmoja Jumapili hadi Jumatano asubuhi, mwingine Jumatano hadi Ijumaa. Maktaba ya mkoa na za shule za sekondari ziulizeni kwanza, kitabu hiki kimesomwa miaka mingi. Kama nakala za Kiswahili hazitoshi, wanaosoma Kiingereza vizuri wachukue cha asili, wawaachie wenzao zile za Kiswahili. Kwa kuwa matoleo hayalingani kurasa, mnaporejea mahali tajeni sura, na aya kwa kuhesabu kutoka mwanzo wa sura. Mkitaja kurasa, robo ya kikao itaishia kutafutana.